Maswali Matatu ya Bi Ardelia

Sehemu ya saba

Tulimwacha Bi Ardelia Mabry jikoni kwake, simu ya mezani sikioni, amekwisha kubonyeza tarakimu mbili kati ya nne za namba mpya ya siri. Namba hiyo ni ya akaunti anayomlipia mwanawe ili aweze kupiga simu kutoka gerezani. Ndipo simu nyingine ikaingia juu ya ile. Akaiacha kazi yake njiani, akaipokea.

Sauti ya mashine ikatangaza kwamba ni simu kutoka gereza la jimbo, kutoka kwa mfungwa aitwaye... Hapo mashine hunyamaza kidogo ili mfungwa ataje jina lake mwenyewe. Jerrick, mwanawe, huwa analitaja upesi, kama mtoto anayeitwa kwenye mahudhurio. Safari hii sauti nzito, isiyo na haraka, ilisema: "Ni mimi, mama."

Haikuwa ya Jerrick.

Mwenye akili zake angekata. Lakini kesho yake saa tatu asubuhi Jerrick alikuwa anakwenda mbele ya bodi ya parole, inayoamua nani aachiwe kabla ya kifungo kuisha, baada ya miaka sita ya kungoja, na mama mwenye mtoto ndani hakati simu inayotoka ndani. Akabonyeza moja, kukubali.

Bi Ardelia alikuwa na utaratibu wake. Mwaka juzi tapeli mmoja alimpigia akijifanya wakili wa Jerrick, akamla fedha zote za gesi ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Tangu siku hiyo hakuzungumza neno na mtu yeyote wa gerezani, hata mtoto aliyemzaa, kabla ya kumuuliza maswali matatu. Hakuyatunga. Yalikuwa yale yale ambayo kampuni ya simu humuuliza yeye akitaka kubadili kitu kwenye akaunti. Aliona kama yanamtosha mtu kumtambua mteja, yanamtosha mama kumtambua mwanawe.

"Mbwa wetu wa kwanza aliitwa nani?" akauliza.

"Shemasi," mtu yule akajibu.

"Ukoo wa mama yangu kabla hajaolewa?"

"Stallworth. La tatu usijisumbue, Bi Ardelia. Jerrick alivunjika mkono kwenye ngazi za kanisa. Alikuwa anakimbilia keki."

Bi Ardelia akavuta kiti, akakaa. Habari ya keki haikuwa sehemu ya jibu. Jerrick aliisema mara moja tu, wakati wa Krismasi, wote wawili wakicheka.

Mtu yule akajitambulisha kwa adabu kamili. Aliitwa Pharis, kitanda chake kilikuwa cha tatu kutoka cha Jerrick. Akaeleza mambo taratibu, kama mwalimu mwenye mwanafunzi mzito. Simu za bwenini zimetundikwa ukutani, nne, na nyuma ya kila moja kuna foleni. Kila siku Jerrick husimama pale na kujibu mtihani wa mama yake. Kwa kuwa laini ni mbovu na mama hasikii vizuri, mama humwambia aseme kwa sauti. Basi Jerrick husema kwa sauti, jina la mbwa, ukoo wa bibi, ngazi za kanisa, na wanaume kumi nyuma yake hawana kazi nyingine ila kusikiliza.

"Mimi nimeufaulu mtihani wako tangu mwezi wa pili," alisema. "Wengine humu wameufaulu pia. Kuna mzee mmoja hajui kusoma, lakini ukoo wa Stallworth anaujua."

Namba ya siri ya Jerrick mwenyewe, ile anayobonyeza kabla ya kupiga, Pharis aliipata kwa kutazama vidole tu. Hiyo haikuwa na shida hata kidogo.

Bi Ardelia aliuliza Jerrick yuko wapi. Pharis akasema yuko hapa, mbona, na kwa kuwa mama ameuliza vizuri atampa. Simu ikagongagonga ukutani. Kisha akasikia pumzi ya mwanawe, ya mtu anayepumua kwa mdomo kwa sababu pua haipitishi.

"Mama, si nilikuambia uyaache yale maswali?"

Alimwambia, kweli. Alimwambia mara nyingi, naye mama akamjibu kwamba uzembe ndio uliomfikisha hapo alipo. Sasa alifungua mdomo amjibu, lakini simu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Alichotaka Pharis kilikuwa kidogo, kwa maneno yake mwenyewe. Kulikuwa na mwanamke aitwaye Corlene, zamani mkewe, ambaye alihama, akabadili namba, na kuizuia kila simu inayotoka kwa jina la Pharis. Namba yake mpya Pharis ameipata. Anachokosa ni njia safi ya kumpigia. Bi Ardelia aiongeze namba hiyo kwenye akaunti ya Jerrick, kisha Pharis atapiga kwa jina la Jerrick Mabry, na Corlene, asiyemjua Jerrick yeyote, huenda akapokea.

Bi Ardelia akamkumbusha kwamba simu za gerezani zinarekodiwa.

"Zinarekodiwa, hazisikilizwi," Pharis akasema. "Wanasikiliza mtu akilalamika. Na wewe ukilalamika utasema nini? Kwamba namba ya siri ya Jerrick inatumiwa na mtu mwingine? Hilo ni kosa lake yeye, mama, si langu. Bodi wataahirisha kikao mwaka mzima. Muulize mtu yeyote."

Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Kanuni hiyo alikuwa anaijua kwa moyo.

Na asipoiongeza? Hapo sauti ya Pharis ikawa laini zaidi. Jerrick alifungwa kwa kuendesha gari lililowabeba wezi siku mzee Haskew alipopigwa risasi dukani kwake. Sharti la kwanza la parole ni kwamba asimtafute mjane wa Haskew kwa njia yoyote. Kesho asubuhi, kabla bodi haijakaa, simu ingeweza kumlilia mjane huyo mezani pake wakati wa kifungua kinywa, kutoka kwa mfungwa Jerrick Mabry. Asingelazimika hata kuipokea. Kulia tu kunatosha.

Mashine ikakatiza kusema imebaki dakika moja. Pharis akaitaja namba ya Corlene, tarakimu kumi, na Bi Ardelia akaziandika pembeni mwa gazeti, mkono ukijiendea. Kisha simu ikakatika.

Msomaji atasema mwanamke huyu sasa atalia. Hakulia. Miaka ishirini na zaidi amekata vichwa vya kambare kiwandani, na kazi ile humfundisha mtu kwamba kisu kikiteleza, unafunga kidole kwanza, maumivu baadaye. Akatazama saa ya ukutani. Ofisi za kampuni ya simu hufungwa saa kumi na moja jioni. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Akafikiri hivi: kila simu ya Jerrick inalipiwa na akaunti hii, na inakwenda tu kwa namba zilizomo ndani yake. Akaunti ikifa, Pharis hana pa kupitia, kwa Corlene wala kwa mjane. Jerrick atakosa simu usiku mmoja, na kesho jioni labda hatazihitaji tena.

Akapiga. Akapata kijana mwenye sauti ya heshima, akamwambia anataka kuifunga akaunti sasa hivi. Kijana akasema bila shaka, ila kwanza athibitishe ni yeye. Mbwa wake wa kwanza aliitwa nani?

"Shemasi."

Vibonye vikalia upande wa pili. Kijana akasema anasikitika, jibu halilingani. Labda alikuwa na mbwa mwingine?

Bi Ardelia akamwambia mbwa alikuwa mmoja, alikufa uzee, amezikwa nyuma ya nyumba hii hii. Kijana akasikitika tena, akaenda kwenye swali la pili. Stallworth nalo halikulingana. La tatu, ngazi za kanisa, nalo halikulingana.

"Mtu amebadilisha majibu yangu," akasema.

Kijana alikubali kwamba majibu yalibadilishwa leo asubuhi. Hakuweza kumwambia na nani. Kwa usalama wa mteja, na kwa kuwa ameshindwa mara tatu kuthibitisha kwamba yeye ni mteja, ilibidi amzuie mpaka kesho saa mbili ofisi zikifunguliwa. Bi Ardelia akauliza kama hiyo ina maana simu nazo zimezuiwa. Hapana, kijana akasema, simu zinaendelea kama kawaida. Kwa mashine, na kwa namba yake ya siri, anaweza kuongeza fedha na kuongeza namba saa yoyote, usiku na mchana.

"Kuondoa ndiko huwezi, mama," akasema. "Kunahitaji mtu."

Wakati anaaga, kijana akampa faraja moja ambayo nadhani hakujua uzito wake. Akasema asiwe na hofu ya wezi, kwani mabadiliko hayapiti bila ujumbe wa uthibitisho, na ujumbe wa leo asubuhi ulitumwa kwenye simu ya mkononi iliyo kwenye akaunti, ile inayoishia na arobaini na moja.

Bi Ardelia hana simu ya mkononi. Siku alipofungua akaunti kampuni iling'ang'ania lazima iwepo moja, akaandikisha ya mtu pekee aliyekuwa karibu. Mtu huyo alikuwa sebuleni wakati huu, akipiga pasi sare yake ya kazi.

Latrice aliingia nyumba hii miaka tisa iliyopita kama mchumba wa Jerrick, na Jerrick alipofungwa hakuondoka. Anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, analeta unga na nyama, anamsugua Bi Ardelia mgongo kwa dawa, baridi ikizidi. Kanisani watu husema Mungu alimnyang'anya Bi Ardelia mwana akampa binti. Bi Ardelia mwenyewe alikuwa akisema hivyo.

Akasimama mlangoni. Latrice hakuinua macho. Akaendelea na kola, upande mmoja, kisha wa pili.

"Jina jipya la mbwa ni nani?" Bi Ardelia akauliza.

Latrice akaisimamisha pasi wima, akachomoa waya ukutani, akasema kwamba hakutaka yajulikane hivi. Kisha akasimulia bila kuficha, na kusema kweli hakuonekana kuwa na aibu. Pharis alianza kupiga mwezi wa pili, mchana, Bi Ardelia akiwa kiwandani. Ndiyo maana fedha za akaunti zilikuwa zinakwisha mapema kuliko simu za Jerrick. Mwanzoni Latrice alikuwa anakata. Siku moja Pharis akamuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, kama anataka Jerrick atoke.

Alimwambia ukweli, kwamba hataki. Pharis akasema basi jambo ni jepesi. Leo asubuhi Latrice ameiingiza namba ya mjane Haskew kwenye akaunti, kisha akabadili majibu ili Bi Ardelia asiweze kuitoa. Pharis alitaka amwongezee na Corlene pia, kama asante. Hilo alilikataa.

Bi Ardelia akawa anatazama midomo ya msichana ikisogea na hasikii vizuri. Kitu kimoja kilimwingia: namba ya mjane tayari imo.

"Ameniambia nikimpa Corlene hatampigia mjane," akasema.

"Amekuahidi wewe Jerrick atoke, ameniahidi mimi asitoke," Latrice akasema. "Mmoja wetu anadanganywa, mama. Unadhani ni nani?"

Bi Ardelia akaanza na upole. Alisema kosa lolote linasameheka, na kwamba kesho saa mbili kamili Latrice apige simu ile, atoe majibu aliyoyaweka, amwondoe mjane. Saa tatu bodi itakaa, na hakuna atakayejua. Upole ulipoisha akaleta habari ya nyumba. Akamkumbusha imeandikwa kwa jina la nani, na nani alimfungulia mlango alipokuja na mfuko mmoja wa nguo. Akamwita nyoka. Akasema wazee anaowaosha kazini wanapaswa kuonywa. Latrice aliyapokea yote amekunja mikono.

"Ungeiambia bodi," Bi Ardelia akasema mwishowe. "Kama ulikuwa na neno juu yake, wewe ungekwenda ukaiambia bodi, kama watu."

"Nilikuambia wewe. Ukapandisha redio."

Taya ambalo Jerrick alimvunja Latrice kabla ya kufungwa liliunganishwa vibaya, na mpaka leo hulia kidogo anapotafuna. Miaka yote sita wamekula meza moja, mboga na mkate wa mahindi, na mlio ule katikati yao. Bi Ardelia hakuwahi kuuliza. Si haki kusema hakuwa anausikia. Sikio lake bovu ni la simu tu.

Sasa alikuwa na mlango mmoja uliobaki, na kila mtu mwenye mtoto anaujua mlango wa aina hiyo. Kesho saa mbili angeweza kupambana na ofisi, akawaeleza, na labda wangemwamini kufikia saa sita, wakati bodi imekwisha kuondoka. Au angeweza kumwamini Pharis. Bi Ardelia hakumjua Corlene. Hakuwahi kumwona uso. Inawezekana alikuwa mwanamke mbaya. Alijiambia hivyo mara mbili, na mara ya pili neno lilikwenda vizuri zaidi.

Akarudi jikoni. Mboga alizokuwa akizikata kabla simu hazijaanza zilikuwa bado zinaelea kwenye karai, nusu zimekatwa. Akanyanyua simu ya mezani, akaipigia mashine, akabonyeza namba yake ya zamani ya siri, kwa kuwa ile mpya hakuwahi kuimaliza. Mashine ikampokea kwa furaha na kumuuliza anataka nini. Akabonyeza mbili, kuongeza namba.

Latrice alikuwa amemfuata. Aliposimama pale mlangoni na kuona gazeti na kile kidole kikifuata tarakimu moja baada ya nyingine, alielewa.

"Unajua alimfanya nini yule mwanamke?" akauliza.

Bi Ardelia akasema hajui na hataki kujua, akabonyeza ya saba.

"Basi nitakuambia."

Ya nane. Latrice akaeleza kwa ufupi, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetoa ripoti ya mgonjwa kwa zamu inayoingia. Palikuwa na maji ya moto ndani ya maelezo yale, na mlango uliofungwa kwa nje. Pharis mwenyewe ndiye aliyemsimulia, akicheka, akidhani ni hadithi nzuri ya kumfurahisha mtu kwenye simu.

Bi Ardelia akabonyeza ya tisa. Kwenye ya kumi kidole kilisimama. Nisingependa kumwongezea wala kumpunguzia: kilisimama, kwa muda wa kutosha hata mashine ikamuuliza kama bado yupo.

Akabonyeza.

Mashine ikamshukuru. Ikamwarifu kwamba namba mpya itaanza kutumika kesho saa mbili asubuhi, na kwamba akibadili mawazo kabla ya hapo azungumze na mhudumu, ofisi zikifunguliwa, kesho saa mbili asubuhi. Akakata. Akachukua kisu, akavuta karai la mboga karibu, na kukuta hawezi kukumbuka alikuwa anazikata kwa upana gani.

Latrice hakumtukana. Alipita pembeni yake, akachana ukingo wa gazeti wenye zile tarakimu kumi, akatoka barazani na simu yake ya mkononi. Mlango wa wavu ukajibamiza. Kupitia wavu Bi Ardelia alisikia kila neno.

Iliita muda mrefu. Kisha Latrice akasema: "Dada, hunijui, na usiniambie jina lako. Kesho asubuhi simu italia kutoka gerezani. Itasema ni mtu mwingine. Ni yeye."

Kisu kikamwanguka. Corlene asipopokea, Pharis atajua amesalitiwa, na kitanda cha tatu kutoka kwake kuna mtu mwenye pua iliyovunjika. Bi Ardelia akakimbilia mlango, akaushika wavu kwa vidole vyote kumi, akamwita Latrice binti yangu, jina ambalo saa moja nyuma lilikuwa nyoka.

Latrice alikuwa anasikiliza. Mwanamke wa upande wa pili aliongea kwa muda, na hakuwa analia; sauti yake nyembamba ilifika mpaka mlangoni, kavu, ya mtu aliyekwisha kufanya maandalizi haya mara nyingine. Latrice akageuka, simu bado sikioni, akamtazama Bi Ardelia usoni.

"Anauliza itakuja kwa jina la nani. Ana mtu wa serikali anayeshughulikia kesi yake. Anataka kumpigia usiku huu."

Bi Ardelia akatikisa kichwa: jina hilo likifika serikalini usiku huu, bodi italijua asubuhi. Akakitikisa tena, polepole, machozi sasa yakishuka yenyewe, na midomo yake ikasema tafadhali bila sauti.

Latrice aliutazama uso ule kwa muda. Kisha akampa mgongo na kulitaja jina, Jerrick Mabry, herufi moja moja, na baada ya jina namba yake ya gerezani, na baada ya namba tarehe yake ya kuzaliwa. Hakukosea hata moja. Upande wa pili, mtu alikuwa anaandika.